Mikono Isiyotetemeka

Kabla ya kugusa chochote kinywani mwa dada yangu, dokta alimfundisha kuinua mkono.

"Ukisikia maumivu, ao hata uoga tu, inua huu wa kushoto," alimwambia. "Mimi naacha. Sitakuuliza kwa nini."

Akamtaka ajaribu. Dada yangu, aliyekuwa amelala chali kwenye kile kiti kirefu, aliinua mkono, na dokta akaondoa mikono yake na kurudi nyuma hatua moja. Wakafanya hivyo mara mbili. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye benchi la ukutani, mtoto wa dada yangu amelala kifuani pangu, na niliuona mchezo ule kuwa wa kupoteza wakati. Jino ni jino. Mgonjwa anashikwa, jino linatoka, watu wanarudi nyumbani. Ndivyo nilivyojua, na katika kazi ya kushika watu nilijihesabu kuwa fundi.

Hapo palikuwa Walikale, katika kabine ya meno iliyofunguliwa si zamani, nyumba ya matofali yenye paneli za jua juu ya bati. Sikuwa nimewahi kuingia mahali pa namna hiyo. Kiti kilipanda na kushuka bila kelele, dokta akikanyaga tu kitu fulani chini. Taa ilikuwa kali, kwa hiyo alimvisha dada yangu miwani myeusi. Alimfunika miguu kwa kitenge safi, kwa maana mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na chumba kilikuwa na baridi. Kila chombo alichokishika alimwonyesha kwanza, akamweleza kitafanya nini na kitasikika vipi. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, mwenye sauti ya chini, na hakuonyesha haraka yoyote ingawa nje kwenye baraza walikuwepo wengine wanaongoja.

Dada yangu ndiye kitinda mimba wetu, nami ndimi wa kwanza. Katikati yupo mdogo wangu wa kiume ambaye sasa anauza samaki Bweremana. Dada aliolewa Walikale miaka miwili kabla ya siku ile, na shavu lake la kulia lilikuwa limevimba hata jicho likawa dogo. Lakini si shavu lake lililonitoa Masisi. Niliitwa kwa ajili ya mtoto niliyekuwa nimemshika.

Mama mkwe wake ndiye aliyetuma ujumbe. Mtoto ana miezi sita, anaharisha, ana homa, fizi zimevimba. Kwa hiyo ana meno ya minyoo, na mzee wa kuyachimbua amekwisha kupatikana, ila mshikaji hakuna. Aje mjomba wa mtoto, yule ambaye mikono yake haitetemeki. Nilipanda pikipiki ya mtu ninayemfahamu, na kwa njia ile mbovu tukalala mara mbili kabla ya kufika.

Kwa asiyejua: kwetu, mtoto mchanga akiharisha na kuchemka mwili, watu wengi humfungua kinywa na kutazama mahali ambapo chonge zitaota baadaye. Wakiona ufizi umeinuka na kuwa mweupe, husema ndani yake yamo meno mabaya yanayomla mtoto. Mtu anayejua kazi hiyo huupasua ufizi na kuyatoa. Yakitoka ni madogo, meupe, laini, na kweli yanafanana na minyoo. Mtu akiyaona kwa macho yake mwenyewe kwenye kiganja, atabishana na nani?

Mimi niliyaona nikiwa na miaka kumi na minne.

Baba yetu alikuwa amekwenda Bisie kuchimba madini, wakati ule watu walipokuwa bado wakichimba kwa mikono, na shimo likamfunika huko. Mama alijifungua dada yetu baada ya habari hizo kutufikia, na yeye mwenyewe akafariki kabla ya kumaliza mwezi wa tatu. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa sekondari. Niliacha shule siku ya Jumatatu, na siku ya Jumanne nilikuwa nimefunga mtoto mgongoni nikienda kuomba maziwa kwa wafugaji wa mlima wa pili. Nililima maharage naye mgongoni. Niliteka maji naye mgongoni. Vijana wenzangu pale kwenye chemchemi walinipa jina: Mama Suruali.

"Mama Suruali, leo maziwa iko?" mmoja alikuwa akiniuliza, na wengine wakashika vifua vyao na kucheka.

Nilijitwisha maji nikaondoka. Nilikuwa nimemwahidi mama, siku zake za mwisho, kwamba huyu mtoto hatakufa mikononi mwangu, na ahadi hiyo ilijaa kichwani hata pasibaki nafasi ya kuona haya. Kila mtu aliyenifahamu wakati ule atakuambia kwamba sikulegea hata siku moja. Hilo ndilo lililoleta hasara.

Maziwa yalikuwa machache, kwa hiyo niliyaongeza maji. Maji yenyewe niliyateka kwenye kijito kilichokuwa karibu, nikayatia hivyo hivyo. Dada yangu akaanza kuharisha. Siku ya nne macho yalikuwa yameingia ndani na hakuweza tena kulia kwa sauti. Jirani mmoja alimfungua kinywa, akatikisa kichwa, akanielekeza kwa bibi mmoja aliyeishi juu ya mlima, upande wa barabara ya Mweso.

Bibi yule alikuwa mwema. Nasema hivyo kwa sababu nimejaribu kumchukia na nimeshindwa. Alinipa viazi kwanza nile. Alikuwa na njiti ya gurudumu la baiskeli aliyoinoa ncha na kuipitisha motoni, na alikuwa na sharti moja: mama wa mtoto asishike, kwa sababu mama atalegea, na chombo kitateleza kwenda jichoni. Anashika mwanamume wa ukoo. Akanitazama, akauliza kama hakuna mkubwa mwingine nyumbani. Nikamwambia mkubwa ndiye mimi.

Nilikaa chini, nikamlaza mtoto kwenye mapaja, nikabana mikono yake miwili chini ya kiwiko changu, nikashika kichwa kwa viganja. Sitaeleza zaidi. Ilikuwa pande nne za kinywa, juu na chini. Mtoto ambaye asubuhi hakuwa na sauti alipata sauti. Bibi alipomaliza alijifuta jasho, akasema, "Mikono yako haitetemeki. Mutoto huyu atapona."

Na akapona.

Nilipokuwa nashuka na mtoto nilipita kwenye kituo cha afya, kwa sababu damu ilikuwa haijakauka na niliogopa. Muuguzi wa pale alikasirika, lakini hakupoteza wakati kwa kunigombeza. Alimnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kidogo kidogo, hadi jioni. Akanifundisha kuyachanganya. Akaniapisha nisimpe tena maji yasiyochemshwa. Nikatii, maana mimi ni mtu wa kutii nikiahidi. Baada ya juma moja dada yangu alikuwa akicheka.

Mambo mawili yalifanyika siku moja, nami nikalishukuru lile lililoniumiza zaidi.

Hadithi hiyo ndiyo aliyokua nayo dada yangu. Wengine husimuliwa habari za mama zao; yeye nilimsimulia jinsi nilivyomshika kichwa akapona. Meno yake ya kwanza yalipoota yakawa na mapengo, na ya ukubwani yakaja yamepinda, mengine hayakuja kabisa, na tangu akiwa na miaka minane alikuwa akicheka huku kiganja kikiwa mbele ya kinywa. Nilimwambia hilo ni deni dogo kwa uhai. Alikubali. Hata alijivuna.

Na habari zikaenea. Majirani walianza kuniita niwashikie watoto wao. Bibi mwenyewe alikuwa akiwaambia: mwende na yule kijana. Nilishika watoto wanne wengine katika miaka miwili. Sikupokea kitu. Niliona ni wajibu, kwa kuwa Mungu amenipa mikono thabiti. Watatu wakaishi. Mmoja hakuyaona mavuno ya maharage ya msimu ule. Tulisema alicheleweshwa.

Haya yote nilikuwa nayo kichwani bila uzito wowote siku ile nilipoketi kwenye benchi la kabine ya meno. Mzee wa Walikale alikuwa anakuja jioni. Mimi nilikuwa nimempeleka dada kwanza kwa sababu shavu lake lilimzuia kulala, na mumewe alikuwa safarini.

Dokta alimwingizia dada yangu kinywani kidude bapa chenye waya, akamwomba aume taratibu. Akasogeza mashine karibu na shavu, ikalia mara moja kama ndege mdogo. Nilingoja apeleke kitu mahali fulani wakaoshe picha, turudi kesho. Lakini picha ilikuwa tayari kwenye kompyuta iliyokuwa kando ya kiti. Akapiga nyingine, na nyingine, upande wa pili. Kisha akageuza kompyuta ili dada yangu aone bila kuinuka, na mimi pia nikaona.

Sikuhitaji kufundishwa kusoma picha ile. Meno yalikuwa meupe, mfupa wa kijivu. Upande wa juu kulia, pale penye uvimbe, palikuwa na jino lililolala ubavu ndani ya mfupa, fupi, limevunjika umbo, kama mhogo uliokua chini ya jiwe. Upande wa kushoto, mahali pa chonge, hapakuwa na kitu. Mfupa mtupu. Chini pia.

Dokta aliligusa kwa kidole lile jino lililolala. Kisha akamuuliza dada yangu kama alipokuwa mchanga kuna mtu alimchimba fizi.

"Ndiyo," dada yangu akasema, na licha ya uvimbe akatabasamu, kiganja mbele ya kinywa. "Nilikuwa na meno ya minyoo. Huyu kaka yangu njo aliniokoa. Alinishika yeye peke yake, na alikuwa mutoto tu."

Dokta alinitazama. Sijasahau jinsi alivyonitazama, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa hasira na sikuiona. Alisema polepole, akinielekezea mimi na yeye pamoja, kwamba hakuna meno ya minyoo. Vile vitu vyeupe laini ni mbegu za meno ya mtoto yenyewe, chonge ambazo bado hazijawa ngumu. Na nyuma yake, ndani zaidi, huwa zinaanza kujiunda chonge za ukubwani. Chombo kikiingia huharibu zote. Jino hili lililolala ndilo linalooza sasa. Kuhara kunatoka kwingine, mara nyingi kwenye maji.

"Lakini alipona," nikasema.

"Alipewa nini tena siku ile?" dokta akauliza.

Nikafungua kinywa kumjibu, na kabla neno halijatoka nilikiona kile kijiko cha muuguzi. Nikasema, "Maji ya chumvi na sukari."

Dokta akageuka kupanga pamba na sindano. Dada yangu alikuwa ametoa kiganja kinywani na kunigeuzia ile miwani myeusi, nami sikuweza kuona macho yake. Mtoto kifuani pangu alikuwa moto, fizi zake zikisaga kola ya shati langu.

Kazi ilianza. Dokta alimpaka kwanza dawa kwenye ufizi ili sindano isisikike, akangoja, akaigusa sehemu ile na kumuuliza kama anasikia. Ndipo akachoma sindano ya ganzi, polepole sana, akizungumza naye muda wote juu ya mvua na bei ya mchele. Akangoja tena. Nilikuwa sijajua kwamba kungoja kunaweza kuwa dawa. Kisha akaingia kazini, na mimi nikaona damu kidogo na pamba nyingi, na miguu ya dada yangu chini ya kitenge imetulia kabisa.

Katikati ya kazi mkono wake wa kushoto ukainuka.

Dokta akaacha hapo hapo. Akaondoa vyombo, akarudi nyuma ile hatua yake. Tukangoja. Dada yangu alikuwa akipumua. Dokta akainama na kumuuliza kama aongeze ganzi, naye akatikisa kichwa.

"Haiumi," alisema, maneno yakimtoka upande mmoja wa kinywa. "Nilitaka kujua kama kweli mutaacha."

Akashusha mkono. Dokta akasema ni sawa, anaweza kuinua tena wakati wowote. Hakuuinua tena. Mimi nilitazama sakafu. Nilikuwa nikikumbuka mikono miwili midogo iliyokuwa chini ya kiwiko changu, jinsi ilivyokuwa ikisukuma, na jinsi nilivyozidi kubana.

Tulirudi kwa miguu, mvua imekatika, yeye ameuma pamba, mimi na mtoto. Dokta alikuwa amemkataza kusema kwa saa kadhaa. Nilishukuru na niliona aibu kwa kushukuru. Njiani alinisimamisha mara moja tu, akanigusa mkono, akaonyesha kidole kwa mtoto, kisha kwa kinywa chake kilichovimba, akaniangalia. Nilijua ananiuliza nini. Asingeweza yeye kusema maneno ya jioni ile. Yalinibakia mimi.

Mzee alikuwa tayari uani, ameketi kwenye kiti cha miti, chombo chake kimefungwa kwenye kitambaa. Mama mkwe alikuwa amechemsha chai. Aliniletea kiti kingine, akakiweka mbele ya mzee, mahali pa mshikaji.

Sikukaa. Nilimsalimu mzee kwa heshima, nikamwambia mama mkwe kwamba mtoto huyu hatachimbwa.

Akafikiri ninatania. Akasema Walikale nzima inajua habari zangu, na ni mimi mwenyewe niliyewasimulia siku ya arusi, hapa uani, mbele ya wageni, hadi watu wakapiga makofi.

"Niliwasimulia, Mama. Nilikosea," nikasema. "Nilimushika dada yangu na nikamuharibia kinywa. Leo nimeiona kwa macho. Huyu sitamushika, na wala hakuna mwingine atamushika nikiwa hapa."

"Kumbe wametuletea muoga," mama mkwe akamwambia mzee. "Mikono imezeeka. Basi nitashika mimi."

Dada yangu hakuweza kusema. Alimchukua mtoto kutoka kwangu, akamfunga mgongoni kwa nguvu, mafundo mawili, akaenda kusimama mlangoni akiwa ameupa mgongo ukuta, mtoto katikati. Alikaa hivyo. Mama mkwe alimtazama, akanitazama mimi, akanywa chai yake yote bila kumkaribisha mtu. Mzee ndiye aliyeinuka kwanza. Alisema hagombanii mtoto wa watu, akaichukua fimbo yake.

Asubuhi tulimpeleka mtoto kituo cha afya. Walimtibu malaria na kumpa yale yale maji ya chumvi. Nilikaa Walikale juma zima nikichemsha maji, nikiyapooza, nikiyafunika, na mama mkwe akipita jikoni alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika kwamba nimepata kazi ya kupika maji. Siku ya tano mtoto alicheka. Siku ya sita aliniuma kidole, na nilihisi jino la mbele, limekata ufizi lenyewe.

Siku ya kuondoka dada yangu alikuwa amerudiwa na sauti. Alinisindikiza hadi walipo watu wa pikipiki. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi na nilitoa moja tu, kwamba anisamehe.

"Nilikuwa nalia?" aliuliza.

"Ulikuwa unalia."

"Na weye?"

Nikamwambia ukweli, kwamba mimi sikulia. Akaitika kwa kichwa, akatazama upande mwingine, akanisaidia kufunga mzigo. Tunaongea vizuri kwenye simu. Habari ile hatujairudia. Ila sasa ninaposikia kwenye simu kicheko chake, najua kiganja kiko wapi.

Bibi wa mlimani alikuwa amekwisha kufariki miaka mingi nyuma. Niliporudi Masisi nilianza kwenda nyumba moja moja kwa wale niliowashikia watoto. Walikuwa sasa vijana, wana mapengo yao. Baba mmoja alinisikiliza hadi mwisho akaniambia nilifanya nilichojua. Mwingine alinifukuza. Wa tatu, mwenye mapengo mwenyewe, mvulana mrefu anayelima vizuri, aliuliza tu kama ile kabine inaweza kuweka jino pale palipo mfupa mtupu. Nilimwambia nitauliza. Nimeuliza, kuna njia, lakini bei yake si ya watu wetu kwa sasa.

Nyumba ya nne sijaingia. Mama wa mtoto yule ambaye hakuyaona mavuno anauza maharage kwenye soko la Mweso, na mimi hupita pale karibu kila siku ya soko. Kuhusu dada yangu anajua tu kwamba aliolewa, yuko salama. Bado anaamini tulichelewa. Bado ananiita mwanangu, na anawaambia wanaouza karibu naye kwamba huyu ndiye aliyemshikia mtoto wake hadi dakika ya mwisho bila kutetemeka, wakati yeye mwenyewe alikuwa amekimbilia nyuma ya nyumba.

Nikisimama mbele ya meza yake nikiwa nimekwisha kupanga maneno, yeye anapima maharage, anasawazisha kipimo, kisha anachota kiganja kimoja juu yake na kuniongezea. Mikono yangu ndiyo inayoshika mfuko. Siku hizi inatetemeka, naye husema ni uchovu, nikapumzike.